Krismasi Isogezwe Hadi Tarehe Saba

Mwanangu anakuja. Anafika Alhamisi tarehe nne Desemba, na nimeona niliseme hilo kabla ya salamu, kwa sababu wapo watu wakishasoma salamu hudhani barua imekwisha, wakaiweka chini ya kikombe cha chai.

Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Parokia, ambaye pia ni shemeji yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, cherehani haijambo, na ule mguu wangu wa kushoto uliokuwa umevimba ulinywea siku ileile niliyopata habari.

Naandika kwa heshima zote kuliomba Baraza lako lisogeze Krismasi ya mwaka huu kutoka tarehe ishirini na tano Desemba hadi Jumapili tarehe saba Desemba. Jumapili iliyopita nilikueleza jambo hili kwa mdomo pale nje ya kanisa. Ukacheka mpaka ukashika ukuta, ukaniambia mbele ya akina mama wa usafi kwamba Krismasi si sikukuu ya kuzaliwa kwa mwanangu. Najua si yake. Yake ni Machi. Sasa naandika, maana maneno ya mdomo wewe huyapeperusha, lakini karatasi, kwa vile ulikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini, lazima uisome mpaka chini hata kama ni kwa kutafuta makosa. Kalamu nyekundu iache mfukoni. Mimi shule niliishia njiani, unajua. Aliyefika mwisho ni huyu ninayekuandikia habari zake.

Kwa faida ya wajumbe wako wapya, mwanangu ni muuguzi katika wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao, kwenye hospitali kubwa ya nchi ya mbali. Vyeti vyake vinasema muuguzi. Mimi namwita Daktari, kwa sababu daktari mwenyewe akiingia wodini humwuliza yeye nani kalala na nani kakataa maziwa. Ana mikono mipana kama ya marehemu kaka yako, mtoto mzima anaenea katika kiganja kimoja. Picha ninayo. Nimemwonyesha Paroko, muuza mkaa na yule bwana anayesoma mita za maji, na wote wamekiri hawajawahi kuona mikono kama ile.

Likizo yake ni tarehe nne mpaka kumi na moja. Krismasi atakuwa kazini, na hii itakuwa ya sita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba ulinijibu kuwa siku ya Bwana haisogezwi. Shemeji, mwaka jana sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia ilisogezwa wiki mbili ili harusi ya binti yako ipate ukumbi. Mwaka juzi Misa ya pili iliondolewa saa nne ikapelekwa saa moja asubuhi kwa sababu ya fainali ya mpira, na wewe ndiye uliyesimama kutangaza, jezi ikichungulia ndani ya koti. Pasaka ndiyo usiseme. Kila mwaka inahama, mara Machi, mara Aprili, na sijasikia mjumbe yeyote akiiuliza inakwenda wapi. Kama kufufuka kunahama, kuzaliwa kunashindwaje kuwahi siku kumi na nane tu?

2. Kwamba wenzangu wameshaisogeza na hawakuandika barua. Duka la vitambaa limetundika nyota tangu Oktoba. Mkeo naye. Jumanne nilikuja kwenu kupima pazia nikakuta mti umeshasimama sebuleni, taa zinawaka na kuzima kama za gari la wagonjwa, nikadhani kuna mtu kazidiwa. Chini ya mti kuna mzee wa plastiki mwenye ndevu, ukimgusa kichwa anakata kiuno. Mbele ya mzee huyo ndipo mnaposali rozari. Basi mwenye duka ana ruhusa kuiwahi Krismasi ili auze, mkeo ana ruhusa ili majirani waone, ila mama aliyezaa ndiye anayeambiwa akaangalie kalenda.

3. Kwamba kila mwaka tunahubiriwa Majilio ni kipindi cha kungoja. Sipingi. Naomba tu kungoja kwangu kuhesabiwe. Shada la Majilio nalisuka kwa mikono yangu, waya na matawi, mishumaa minne, kila Jumapili nauwasha mmoja. Miaka mitano mara mishumaa minne ni ishirini, hesabu hiyo nimeifanya bila mkaguzi. Mishumaa ishirini nimeiwasha nikiutazama mlango. Mtu wa hivyo ameshamaliza Majilio yake na ya mwakani, na akitaka anaweza kukuazima wewe, ambaye mwaka jana ulisahau ukawasha wa tatu na wa nne siku moja na mbingu hazikuanguka. Mwaka huu mshumaa wa kwanza tutauwasha Jumapili yake, na mitatu iliyobaki Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Tumemaliza.

4. Hili ndilo linaloniuma, nalo litakuwa refu.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mama yako mzazi, aliniachia pango lake la mbao: Maria, Yosefu aliyevunjika mkono, ng'ombe mmoja, mchungaji mmoja, na Mtoto Yesu. Akaniachia na sheria. Mtoto halazwi horini mpaka kila mtu wa nyumba ameingia ndani na mlango umefungwa. Unaikumbuka. Mwaka ule lori la marehemu kaka yako lilipoharibika njiani, nilikuwa bi harusi wa miezi minne, nikamwona mama yako akifunika sahani zote na kukaa. Tarehe ishirini na tano ikapita. Ishirini na sita ikapita. Majirani wakaja kututakia heri, akawaambia bado, kuna mtu njiani. Kaka yako akaingia tarehe ishirini na saba amejaa grisi mpaka masikioni, Mtoto akalazwa, tukala. Wewe ulikuwa kijana wa shule na ulilia kwa njaa. Nilikuona nyuma ya mlango wa stoo ukilamba sufuria.

Kwa hiyo usiniambie haisogezwi. Ulishaila ikiwa imesogezwa.

Tangu Daktari aende kazini mbali, Mtoto yuko kabatini, amefungwa katika leso, katikati ya vikombe vya wageni. Mwanangu amekuja mara mbili, ni kweli, lakini ilikuwa Juni na Agosti, miezi ambayo pango liko darini. Miaka mitano Maria na Yosefu wameinamia hori tupu. Watoto wa jirani wananiuliza kama aliibwa. Mwaka jana mkeo akaona aibu kwa niaba yangu, akaniletea mwanasesere wa plastiki, mkubwa kuliko Yosefu, anayefumba na kufumbua macho, akamlaza pale nikiwa jikoni. Miguu ilitokeza nje ikamsukuma ng'ombe. Nilimrudisha kesho yake ndani ya mfuko, mkautangazia ukoo mzima kwamba nina kiburi. Kiburi ninacho, mtu mwenye mtoto kama wangu ataacha vipi kuwa nacho. Lakini sheria si yangu. Ni ya mama yako.

5. Kwamba kamati yako ina visingizio kuliko wajumbe. Mwalimu wa kwaya anasema nyimbo hazijaiva. Wimbo ni uleule mwaka wa kumi na moja, sauti ya tatu haijawahi kuujua, na siku kumi na nane hazitawafundisha. Katekista anasema malaika hawana kanzu. Wanazo. Nimeshona kumi na nne, mabawa pembeni, na ya yule mnene nimeiongezea mkanda. Paroko anasema Majilio altare inavaa zambarau. Ni kweli, lakini vitambaa vya zambarau viko kwangu kwa ajili ya kutiwa pindo, na vyeupe vimeshapigwa pasi. Simtishi mtu. Naeleza tu nguo ziko wapi.

6. Kwamba mweka hazina wako, msomi, aliniambia Mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya siku zake. Mpeleke wodini kwa mwanangu akajionee. Wanazaliwa wiki nane kabla, wiki kumi kabla, wadogo kama mkate, wanalia, wanakua, wanakuwa wakaguzi wa shule. Ndiyo, shemeji, mama yako aliniambia. Wewe ni wa miezi saba. Uliwekwa ndani ya boksi la viatu lenye pamba, karibu na jiko, na hakuna aliyekurudisha ukangoje tarehe.

7. Kwamba metroni, yule mkuu wa wauguzi anayepanga zamu katika wodi yao, ana roho ya jiwe. Simjui, lakini namwona kama nakuona wewe. Wenye midomo anawapa Krismasi nyumbani, mwanangu kwa vile ni mpole anaachiwa zamu. Naomba Baraza limwandikie barua yenye mhuri. Nyinyi mhuri mnaupiga hata kwenye risiti ya ufagio, hamtashindwa hapa.

Na nikiangalia mbali zaidi, naona ombi langu ni dogo mno. Kila parokia ingepanga Krismasi siku muuguzi wake anapopata likizo. Ingefuata siku ya askari wake wa zamu, na ya mpishi wake wa hoteli, na ya dereva wake wa lori. Mtu angekula Krismasi kumi na mbili kwa mwaka bila kumwacha hata mmoja nje. Maaskofu wakipenda wazo hili na kuuliza aliyeandika rasimu, wapeni jina langu. Wakilichukia, wewe ndiye mwenyekiti.

Nategemea majibu kwa maandishi. Kucheka si jibu.

Nisalimie mkeo, na mti wake, na yule mzee wa kiuno. Wasalimie wajumbe wote wa Baraza, hata wale waliokuwa wakicheka nyuma yako wakifikiri sijawaona. Msalimie binti yako na mumewe, na yule mshereheshaji wa harusi yao kama sauti yake imerudi. Katekista mwambie mabawa asiyakunje.

Aliyechoka kungoja, ila hajaacha,

Shemeji yako,
Fundi wa mavazi ya altare,
Mama yake Daktari.

Tanbihi. Barua ilikuwa mezani bado haijapata bahasha, Daktari akapiga simu. Nikamsomea yote, kuanzia mguu mpaka mabawa. Kwenye jezi alicheka. Kwenye metroni akaniambia nirudie polepole. Kisha akasema, mama, metroni alinipangia Krismasi nyumbani. Mimi ndiye niliyeitoa.

Kumbe wanabadilishana. Ametoa siku zake kwa muuguzi mwenzake, mama wa watoto watatu, ambaye tangu wa kwanza aanze kuota meno hajawahi kuamka nao Krismasi. Yeye akachukua za huyo mama, tarehe nne mpaka kumi na moja. Nikamwuliza, na mwaka jana? Akasema mwaka jana alikuwa mwingine, mama yake mzazi mgonjwa. Na mwaka juzi? Mwingine. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha upuuzi huo. Akanijibu kwa upole wake ule unaoniudhi: si nyinyi mliofunika sahani siku mbili mkamngoja baba?

Nilikata simu nikamaliza pindo la kitambaa kizima. Nimelifumua leo, lilikwenda upande.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Krismasi ibaki tarehe ishirini na tano, na asitokee mjumbe wako wa kuisogeza hata kwa saa moja, iwe mpira, iwe ukumbi. Yule mama ameshawaahidi wanawe. Ikihama, mwanangu atakuwa ametoa zawadi tupu, na hapo utanitambua. Namba saba chora mstari mwekundu, nakuruhusu. Vitambaa vya zambarau nitavileta Jumamosi. Barua siiandiki upya kwa sababu karatasi nzuri imekwisha, na kuhusu mti wa mkeo sifuti neno.

Ila nyumbani kwangu, shemeji, kila mtu atakuwa ndani na mlango utafungwa, na sheria ya mama yako inasema hivyo tu, haitaji tarehe. Shada litakuwa na mishumaa miwili inayowaka, kama Paroko anavyotaka. Na Mtoto atalazwa. Atakuwa njiti, lakini mikono itakayomlaza imezoea. Mwanasesere abaki kwenu. Wewe utapakuliwa wa kwanza, kwa ajili ya ile sufuria ya stoo. Misa ya pili ikiisha msizubae pale nje kwenye ukuta, njooni wote moja kwa moja kwangu, Jumapili tarehe saba Desemba.