Mkasi, Uji na Karatasi ya Viondo

Jumanne, 8 Machi 1983
Teresiah, karani wa kikundi chetu cha viondo hapa Umoja, ametoa mahudhurio yote daftarini akayahamishia kwenye karatasi moja kubwa. Majina yanashuka kushoto, Jumamosi nane zimepangwa juu. Aliyehudhuria anawekewa alama. Mwenye alama nyingi zaidi atasimama na viondo vyetu maonyeshoni, Jumamosi hii atatangazwa. Nikamwuliza kwani kichwa kimeoza. Akasema, Susu Kalekye, nyanya yangu, watu wawili kichwa chatosha. Kumi na wawili kwa Jumamosi nane, kichwa kitakudanganya. Nikamwambia changu kinashika wajukuu ishirini na watatu. Akaniuliza wa tisa anaitwa nani. Mtoto hana adabu.

Jumatano, 9 Machi
Nimechora yangu. Jina moja: kuku wangu. Siku saba juu, akitaga namwekea alama. Batulo wa mlango wa pili akacheka, akasema kuku mmoja haandikiwi karatasi, anachunguliwa kiotani. Hapendi maendeleo.

Alhamisi, 10 Machi
Nimeiona ile ya kikundi ukutani. Nina alama nane kwa nane. Lakini niko chini kabisa, eti nilijiunga mwisho. Juu kabisa ni Mbithe, niliyemfunga nepi, ana alama mbili. Mkubwa hakai miguuni pa mtoto.

Ijumaa, 11 Machi
Nimekwenda na mkasi watu wakiwa sokoni. Nimekata majina mawili tu, la Mbithe na langu, nikayabadilishia nafasi, nikabandika kwa uji. Sasa niko juu. Napendeza.

Jumamosi, 12 Machi
Mwenyekiti amesoma karatasi. Kalekye, mbili. Mbithe, nane. Mbithe mwenyewe akashangaa, akasema, kumbe mimi nilikuwa nakuja! Wakampigia vigelegele. Kusema ukweli ni kuutaja mkasi. Nikapiga kigelegele.

Teresiah akanusa karatasi, akanitazama. Akaninong'oneza: Susu, jina likihama, sharti mstari mzima uhame nalo. Nikamwambia aolewe kwanza ndipo afundishe watu.

Jumatatu, 14 Machi
Mbithe amekuja kuazima leso yangu nzuri ya kuvaa maonyeshoni. Nimempa ile yenye tundu.

Kuku wangu hana alama hata moja. Wa Batulo ametaga kila siku, kwa hiyo nimemwandika mstari wa pili, alama sita. Mstari mzuri sana kwa kuku wa mtu.

Mkasi ninao. Uji uko motoni.