Moshi wa Jumanne

Jumanne, 4 Februari
Nesi Marjukka amekuja na vijana wa kituo cha afya kuchukua kitanda cha marehemu Sylvi. Kitanda, godoro la hewa, ile meza ya magurudumu. Vyote! Amevua viatu mlangoni kama kawaida, akanywa kahawa, akasema basi, mzee Tarmo, kazi yangu hapa imekwisha. Tangu kiangazi alikuwa akija kumsafisha mke wangu vidonda vya mgongo. Hakuna mwingine anayejua kwamba Sylvi aliimba kila akichanwa nywele. Gari lake likapotea kwenye theluji. Haiwezekani. Lazima niugue, ili arudi.

Jumatano, 5 Februari
Tatizo: sina ugonjwa. Nimejikagua mwili mzima. Jirani yangu Kerttu ana kidonda mguuni, na Marjukka humfunga kila Jumanne. Watu wengine wana bahati! Kajigamba uani eti nesi kakisifu kidonda chake. Nimemwambia aache majivuno. Kisha nimepiga simu kituoni, nikasema homa inanijia kila wiki, hasa Jumanne. Sauti ilitetemeka yenyewe.

Jumanne, 11 Februari
Asubuhi nimewasha sauna, kibanda changu cha kuogea mvuke, nikakaa benchi la juu kwenye mvuke mpaka masikio yakaungua, kisha mbio kitandani. Kipimajoto kikapanda. Hodari! Marjukka hakukijali. Akanishika kifundo cha mkono, akafinya ngozi, akanusa nywele zangu. “Mzee Tarmo, tangu lini watu wakaoga sauna Jumanne?” Moshi! Aliuona akiwa kwa Kerttu. Kijiji kizima huwasha Jumamosi. Sylvi angecheka mpaka ashike ukingo wa meza.

Nikadhani ataondoka. Akautazama mkanda wangu, na tundu jipya nililotoboa kwa msumari. Akafungua jokofu: siagi. Akafungua friza: mkate mweusi, wa mwisho aliouoka Sylvi kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Akauliza ninakula nini. Nikasema kahawa. Akasema homa ni ya uongo ila mgonjwa ni wa kweli. Atanipima uzito kila Jumanne mpaka urudi. Nile uji wenye siagi, asubuhi na jioni.

Kila Jumanne! Ushindi!

Alhamisi, 13 Februari
Balaa. Nikinenepa, haji tena. Uji nimeupika, na ni mtamu kwa bahati mbaya. Nimempa Musti, mbwa wa Kerttu. Mwenzangu haulizi maswali.

Jumanne, 18 Februari
Uzito umeshuka. Nikajitahidi kuonekana mnyonge, haikuwa kazi. Marjukka akachungulia dirishani, akamwona Musti akivuka ua, tumbo likiburuzika kwenye theluji. Akamwita ndani. Akampapasa mbavu, akazikosa. “Kumbe huyu ndiye anayemeza dawa yako.” Nikakana kabisa. Akasema masikio yangu yamekuwa mekundu. Sylvi alimfundisha dalili hiyo zamani: mume wangu akidanganya, tazama masikio.

Nikalia. Mbele ya mbwa.

Akavuta kiti. Akasema Sylvi alimwachia ombi: huyu mzee wangu atajifanya mgonjwa, usimgombeze, njoo unywe naye kahawa. Kwa hiyo atakuja Jumapili. Bila mkoba, bila mizani. Mgeni tu. Nile kwa ajili yangu, na nisijisumbue kuugua. Nikaahidi. Tukautoa mkate wa Sylvi, tukaupasha juu ya jiko, nikala vipande vitatu. Nyumba ilinukia yeye.

Jumamosi, 22 Februari
Nimewasha sauna, siku yake halali. Uji nimekula, nikaongeza. Musti amenitazama kama msaliti. Vikombe vya maua vya Sylvi viko mezani tayari.

Lakini nimefikiri. Mgeni wa kahawa hukaa vikombe viwili, akishawishiwa sana. Kwa mgonjwa mtu hukaa zaidi. Nimejaribu kikohozi mbele ya kioo. Kidogo tu, kikavu, chenye adabu.

Na kesho nitavaa kofia ya manyoya humu humu ndani. Inafunika masikio vizuri.