Mkia wa Mbasa na Dirisha la Moshi

Enyi watu wa Ngana na Njisi, nanyi wa ufukweni mnaotenga mwiba kwa ulimi bila kusitisha mazungumzo, sogezeni vigoda mnisikilize. Wengine wamewasimulia vita vya majeshi na kuanguka kwa ngome. Mimi nitawasimulia jinsi mzee wa miaka sitini na minane alivyopita kwenye dirisha la jiko, na jambo lililompitisha. Anayeliona dogo akalipime kwanza dirisha lenyewe, lipo.

Chanzo chake ni Janeth, mzaliwa wa Lyulilo, ufukweni mwa ziwa, binti wa wafinyanzi, aliyelelewa kwa samaki tangu jino la kwanza, kisha akaolewa na Yusto na kuletwa Ngana, nchi ya ndizi asubuhi, ndizi mchana, na jioni, kwa kubadilisha ladha, ndizi. Akavumilia miaka minne. Hata mwaka wa nne ulipotimia, mama mkwe wake, Bibi Marita, jemadari wa mji ule, mwanamke aliyewahi kumrudisha mhubiri mlangoni akapanguse viatu, akamkabidhi ufunguo wa jiko. Hakuna mke wa mwana aliyewahi kuushika kabla yake. Janeth akaufunga kwenye pindo la kanga, na tangu siku hiyo akajihesabu mtu wa nyumba ile.

Ikawa Jumamosi moja Bibi Marita akaweka juu ya uchaga wa jikoni samaki mzima wa ziwani aitwaye mbasa, aliyekaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, kwa ajili ya Mchungaji Hezroni aliyealikwa chakula kesho yake. Akatangaza kwamba atakayemgusa, hata pezi, akatafute mji mwingine. Kisha akamwambia Janeth, kwa upole uliotisha kuliko tangazo, kwamba samaki akipungua ufunguo utarudi.

Janeth akaitikia, akashika njia ya dukani kununua sabuni. Lo, kumbe Ibilisi amemtangulia, amekaa katika banda la video la Dickson! Janeth akaingia. Humo ilionyeshwa sinema ya kale, isiyo na rangi, ya karani mpole asiyewahi kuiba hata njiti ya kiberiti, ambaye siku hiyo ameachwa ofisini peke yake na kito cha tajiri wake. Dickson, mfasiri asiyeijua lugha ya sinema ile wala asiyeona kuwa hilo ni kikwazo, alinguruma kwenye kipaza sauti: "Anakitazama. Anajiambia atakitazama tu. Jamani, huyo amekwisha." Karani akatia kito mfukoni. Akatembea mjini akimwona kila mtu askari, akajifungia chumbani, na mlango ukagongwa. Hapo umeme ukakatika, Dickson akaahidi mwisho Jumamosi ijayo, na Janeth akarudi nyumbani amefundishwa kuiba bila kufundishwa yanayofuata.

Mji ulikuwa mtupu. Bibi Marita alikwenda kufagia kanisa, Yusto alikuwa kwenye shamba la kakao, na baba mkwe, Mzee Ambilikile, alikuwa amelala nyuma ya nyumba, au ndivyo ilivyodhaniwa. Janeth akafungua kufuli. Atamtazama tu. Lakini ule moshi wa samaki ulinuka kama jikoni kwa mama yake, ulinuka ziwa lenyewe, naye akaona uchungu wa kukumbuka kwao, akatoa machozi. Macho yakiwa bado yana machozi, vidole vikaenda mkiani, na mkia ukakatika.

Alikuwa amekula nusu ya mkia pale mlango ulipoingia giza. Aliyesimama kizingitini alikuwa Mzee Ambilikile, simba wa Ngana, ambaye daktari amemkatazia chumvi kwa sababu ya presha, na tangu mpunga ulipopandwa hajala kitu chenye ladha. Ameona kufuli limeachwa wazi, akamshukuru Mungu, akaingia.

Sasa jueni kwamba kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani, na kutaja jina la mwenzake ni haramu. Siku hizi wengi wameilegeza mila hiyo. Nyumba ya Ambilikile haijailegeza. Basi Janeth akajitanda kanga kichwani akageukia ukuta wa huku, na mzee akageukia ukuta wa kule. Mzee angeweza kutoka, nakiri, ila pua yake ilikuwa imekwishafika kwenye uchaga. Katikati yao, ndani ya chungu kilichovunjika, kuku alikuwa anaatamia.

"Ewe kuku," akanena Mzee Ambilikile kwa sauti ya baraza, "mama wa mayai kumi na moja, mimi humu sikumwona mtu, maana heshima hainiruhusu kumwona. Lakini ukimjua mwenye kipande cha samaki, mwambie kuna mzee amekula ndizi zisizo na chumvi hadi amesahau kwa nini watu hula."

Janeth akaweka kilichobaki juu ya mfuniko wa chungu. "Ewe kuku, mwambie huyo nisiyemwona kwamba kipande kimewekwa juu ya mfuniko. Ni kidogo, hakitamdhuru. Na umwambie kwamba Bibi akijua, mimi nimepoteza ufunguo, na nyumba hii nimekuwa mgeni tena."

Ikasikika sauti ya kutafuna. "Ndaga, kuku," mzee akashukuru, akatoka kinyumenyume.

Jumapili mchungaji akafika, Janeth akafungua jiko, na Bibi Marita akaingia kumshusha samaki. Akarudi uani amembeba mikononi, akasema mbele ya watu wote kwamba hana mkia. Akaeleza polepole kwamba kufuli ni zima na ufunguo ni mmoja, akalitazama pindo la kanga ya Janeth. Janeth akasikia ule mlango wa karani unagongwa. Vidole vyake vikaanza kulifungua fundo.

"Mkia nimeula mimi," akasema Mzee Ambilikile.

Bibi Marita akamgeukia, akamuuliza aliingilia wapi. Mzee akalitupia macho jiko. Mkamwana wake hawezi kumtaja, na hata angeweza asingemtaja.

"Dirishani."

Wote wakalitazama dirisha la kutolea moshi, ambalo paka wa pale huliingia kwa kujibana.

"Basi ingia tuone," akasema Bibi Marita.

Shujaa akavua koti, akamkabidhi mchungaji. Akatanguliza kichwa, kikaingia. Akatanguliza mkono wa kulia, ukaingia. Tumbo likafika, likagoma. Miguu ikapiga hewa ya Ngana. Bibi Marita akamwamuru Janeth aingie jikoni, aangalie mzee asivunje vyungu. Janeth akaingia amejitanda kanga, uso ukutani, akiwa na hofu ya mtu anayesubiri hukumu, na akaanza kusema na kuku.

"Ewe kuku, kwetu mkono ukinasa kwenye shingo ya chungu hatusukumi. Rudi nyuma kidogo, lala ubavu, leta mkono wa kushoto, kisha toa pumzi yote."

Dirishani pumzi ikatoka, ndefu. Ndipo miezi ile ya ndizi bila chumvi ilipolipa, kwani tumbo lilikuwa limepungua kuliko mwenyewe alivyojua. Bega likapita, kiuno kikapita, na Mzee Ambilikile, mpasua dirisha, akaangukia gunia la pumba kwa kishindo kilichomnyanyua kuku kwenye mayai. Nje, mchungaji akasema amina.

Bibi Marita akachungulia mlangoni. Akamtazama mumewe mwenye pumba kichwani, akalitazama dirisha, akamtazama Janeth muda mrefu. Yule mama si mjinga. Akamwambia alifunge vizuri hilo fundo, ufunguo usije ukaanguka.

Chakula kilipogawiwa, mchungaji akapewa kiwiliwili, na mzee akapewa ndizi, bila chumvi, kama adhabu. Lakini kichwa cha mbasa, ambacho watu wa ziwani hugombea, Bibi Marita alikiweka kwenye sahani ya Janeth kwa mkono wake. "Kula," akasema. "Siku nyingine ukikumbuka kwenu, uniambie."

Janeth akakila chote, hata macho, akilia waziwazi. Jumamosi iliyofuata Dickson alionyesha mwisho wa sinema, naye hakwenda. Dirisha halijazibwa hadi leo, na wageni huonyeshwa. Na kila asubuhi, Janeth akisikia hatua za mzee uani, hugeukia ukuta na kumwamkia kuku kwa heshima zote: "Mwagonile."

Kuku hajawahi kujibu. Lakini kutoka nje husikika mtu akikohoa, ameridhika.