Malalamiko ya Padri wa Wexby Kuhusu Kondoo Waliochukua Nafasi ya Waumini

Wexby, baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 1517

Kwa Mheshimiwa Bwana Fulk Harcle, mwenye ardhi yetu,

Salamu na baraka. Mimi ni Padri Wymond wa Wexby, kijiji ulichokigeuza malisho. Kwa unyenyekevu nina malalamiko machache.

1. Jumapili niliwahubiria kondoo wako. Walitulia kuliko watu, sikatai, ila dume mmoja alikula kitambaa cha altare nikiwa katikati ya sala.

2. Nyumba ya mjane Godith ilibomolewa uji ukiwa jikoni. Alimwuliza msimamizi wako, "Sasa mimi na hawa wanangu twende wapi, baba?" Akajibiwa, "Dunia yote hii, mama, wewe chagua tu." Godith akaipua chungu, akambeba mtoto mmoja mgongoni, wa pili akamshika mkono, wakaondoka. Pale mekoni pake sasa analala kondoo mgonjwa, naye kaletewa blanketi.

3. Wengine wote walifuata. Sina wa kubatiza, wa kuoza wala wa kuzika. Kengele naipiga mwenyewe na kuiitikia mwenyewe.

4. Nasikia umewaandikia maofisa wa mfalme, wanaochunguza vijiji vilivyobaki bila watu, kwamba Wexby iliishiwa watu kwa tauni. Bwana wangu, tauni ile ilipita enzi za babu zetu. Hawa uliwafukuza mwaka huu, wazima kabisa, wengine wanene. Nami inaniuma wewe, bwana wangu, kuonekana mwongo. Basi naomba moja kati ya mawili: uwarudishe watu, au, kama biashara ya sufu haikuruhusu, utuletee tauni yenyewe upesi ili maneno yako yawe kweli. Ianze na mimi, sina neno.

Nisalimie bibi wa nyumba, watoto, mbwa wa kuwindia, na msimamizi, ambaye namwombea kila siku kwa jina.

Wako mtiifu, chini ya Bwana aliye juu yetu sote wawili,
Padri Wymond

Nyongeza: Sijaifunga barua, msimamizi amekuja kuniambia umeniteua padri wa nyumbani kwako, na chumba chenye moto. Nashukuru mno. Nikifikiri vizuri, naona ilikuwa tauni. Jioni hii Godith amerudi, safari hii na mtoto mmoja tu, akiomba nimhifadhi kanisani. Nimemwonyesha njia ya mjini, nikamweleza kwa upole kama ulivyoandika: Wexby haina watu.