Kalamu Yangu ya Kifahari

Jumatatu, Juni 7, 1999

Nimepita saiba ya Buruburu asubuhi kusoma imeili. Hakuna maoni. Bado! Hadithi yangu, "Rubani wa Kayole", iko mbele ya Jukwaa la Wino tangu mwezi uliopita na kimya ni kile kile. Mtindo wa Jukwaa letu ni rahisi. Unatuma kazi yako kwa imeili, inawafikia waandishi wote, wanaisoma, kila mmoja anasema neno. Mimi nimepata neno moja. Bwana fulani wa Nakuru ameuliza atatokaje kwenye Jukwaa.

Lakini Javan! Javan wa Umoja, ambaye hadithi zake zote zinaanza mvua ikinyesha. Akikohoa tu, watu wanaandika "hongera, kaka". Ngai, kuna watu na bahati zao.

Jumamosi tunachagua hadithi moja. Moja tu! Hiyo itachapishwa kitabuni, kitabu cha kweli chenye jalada. Lazima iwe yangu. Mke wangu Teresiah ametoa hukumu: isipochaguliwa, Jumatatu naanza kazi machinjioni Kiamaiko, anakofanya kazi kaka yake Muturi, kuosha matumbo ya mbuzi. Mimi! Mikono iliyomwandika rubani! Nimemwambia msanii hasukumwi. Amesema hata unga haujisukumi wenyewe hadi jikoni.

Jumanne, Juni 8

Leo nimezaliwa upya. Mimi sasa pia ni Bi. Mourine wa Kericho, msomaji mpole, mjane, mpenzi wa fasihi. Nimemfungulia anwani yake. Ayuma, msichana wa saiba, ndiye anayenipigia chapa, maana mimi sigusi mashine. Natembea huku na huku nyuma ya kiti chake na kusema, yeye anaandika. Ndivyo wakubwa wanavyofanya.

Bi. Mourine aliisifu hadithi hadi machozi yakanilengalenga. Alisema tangu mumewe afariki hajaguswa na mwanamume kama alivyoguswa na rubani huyu. Nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Jioni nimerudi. Majibu! Mengi! Yote kutoka kwa Javan na mashabiki wake. Ameuliza, mbele ya Jukwaa zima, kwa nini barua ya Bi. Mourine inaisha kwa maneno "Wenu, Maina wa Kayole". Kisha akanipongeza kwa kutimiza amri ya kumpenda jirani, kwa kuanzia na jirani wa karibu kabisa.

Nilimwambia Ayuma aweke jina mwishoni. Hakuniuliza la nani! Wafanyakazi wa siku hizi hawafikirii.

Jumatano, Juni 9

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata kwa furaha.

Kalamu yangu! Ile ya wino, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, niliyopewa na wakwe siku ya arusi. Sijawahi kuandika nayo hata herufi moja. Nani asiyeitamani? Nitawaita waandishi wote nyumbani waione. Watakaoichagua "Rubani" watapiga bahati nasibu, na mmoja wao ataondoka nayo. Si hongo. Ni motisha.

Nikaenda kwa Ayuma. Saiba ilikuwa imejaa, jenereta inanguruma mlangoni, ikabidi nipaze sauti. Nikamwambia aandike: "Ndugu waandishi, nawakaribisha nyote kwangu Kayole, Jumamosi saa saba mchana, tuchague hadithi, na mwione kalamu yangu. Ni kalamu ya kifahari. Mitaa hii haijaonekana nyingine. Wino ni wa kumwaga. Atakayeichagua hadithi yangu ndiye atakayeifaidi zaidi."

Ayuma aliuliza mara mbili: nini ya kifahari? Kalamu, nikasema. Akageuka akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Akasema hakujua nina uwezo huo. Nikamwambia wengi hawajui.

Alhamisi, Juni 10

Haki ya nani! Imeili zimefurika! Watu ambao hawajawahi kunijibu hata salamu wananiita ndugu mpendwa. Kanyiva wa Machakos anauliza kama anaweza kuja na mumewe na watoto. Kuona kalamu! Nimemjibu alete familia yote, watoto wazoee mapema. Yule bwana wa Nakuru amebadili nia, hatoki tena. Mmoja ameuliza wino ni wa chupa au wa kienyeji. Nimemjibu ni wa chupa, wa buluu. Akajibu kwamba wa buluu hajawahi kuujaribu lakini yuko tayari. Mwingine ananiarifu kuwa yeye hali mbuzi. Sawa. Kila mtu na siri zake.

Ila Kiswahili chao! Aibu! Wote, bila kumwacha hata mmoja, wanaandika "karamu" badala ya "kalamu". Karamu ni kula na kunywa, jamani! Watu wazima, waandishi, hawajui R na L! Nilitaka kuwasahihisha, nikajizuia. Uchaguzi kwanza, sarufi baadaye.

Ijumaa, Juni 11

Javan naye anakuja. Na kikundi chake chote cha Umoja! Ameandika kwamba amenikosea, kwamba kumbe mimi ni mtu wa watu. Nimeisoma hiyo mara nyingi. Hatimaye adui ananyenyekea.

Nimesugua kalamu kwa dawa ya meno. Inang'aa. Nimeazima viti vya kanisa. Teresiah ameuliza hawa wote wanakuja kufanya nini. Nikasema kutazama kalamu. Akauliza watu watoke Nakuru na Machakos kutazama kalamu? Nikamwambia yeye hajui waandishi. Akasema atapika chai tu, na iwe ya rangi, kwa sababu maziwa ni ya mtoto wetu, Shiku.

Jumamosi, Juni 12

Nitaandika yote.

Saa saba kamili wakaja. Walijaa chumbani, wakajaa veranda, wengine wakakaa kwenye ngazi. Javan amevaa tai. Bwana wa Nakuru alilegeza mshipi kabla hata ya kukaa. Kanyiva alibeba mikebe mitupu yenye vifuniko, nikashangaa ni ya nini. Nikataka kuanza na hotuba kuhusu "Rubani". Wakasema, Mheshimiwa, tuombe kwanza. Kanyiva akaomba. Akabariki nyumba hii, akabariki mikono iliyopika, akawakumbuka na wale wasio na chochote cha kuweka mezani. Nikasema amina kwa nguvu.

Kisha nikaleta sinia, limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Shingo zote zimenyooshwa. Nikafunua.

Mtoto wa Kanyiva akaanza kulia.

Javan akatoa karatasi mfukoni. Imeili yangu, ameichapisha. Akaisoma kwa sauti. Karamu yangu. Karamu ya kifahari. Mitaa hii haijaonekana nyingine. Nikaruka juu! Nikasema sikusema hivyo, nilisema kalamu. Watu wakatazamana. Bwana wa Nakuru akaniomba nirudie. Nikarudia: kalamu. Wakaangua kicheko. Nikasema polepole, silabi kwa silabi. Mtu akaanguka kwenye kiti cha kanisa. Hata mwenye nyumba akatoka kwake, akaniomba niseme tena kwa ajili ya mkewe.

Mimi sioni kichekesho. Nilichosema ndicho nilichokusudia. Masikio ya Ayuma ni mabovu, na sasa yameambukiza Jukwaa zima.

Basi kicheko kikaisha, njaa ikabaki. Hapo ndipo Teresiah alipotoka jikoni. Akasema kwao mgeni hajawahi kutoka na tumbo tupu na hataanza leo. Akatuma mtu kwa kaka yake. Muturi akaja na baiskeli, mbuzi aliyechunwa amefungwa nyuma kwenye keria. Kabla ya kumfungua akauliza, mbele ya watu wote, kama Baba Shiku anaanza kazi Jumatatu au arudi na mbuzi wake. Watu wote wakanigeukia. Wengine walikuwa wameshika chumvi tayari.

Nikakubali. Ningefanya nini?

Wakala. Wakasifu. Wakaimba hata. Kanyiva akajaza mikebe. Walipomaliza hakuna aliyeweza kuinua mkono kuchagua hadithi, na Javan alikuwa amelala, tai imeingia kwenye mchuzi. Uchaguzi umeahirishwa hadi Jumamosi ijayo.

Nimeumia. Nasema kweli. Walikaa kwangu mchana kutwa, na hakuna hata mmoja aliyemtaja rubani.

Jumatatu, Juni 14

Kiamaiko. Sitaeleza harufu. Shemeji alinipa viatu vya gamubuti, ndoo na kisu butu, akaniambia nianze na matumbo madogo. Abdiqadir, mwenye kazi, alisimama akanitazama nikiosha, kisha akamuuliza Muturi kama mimi ni mgonjwa.

Lakini mtu haanguki akabaki chini! Jumamosi ijayo ndiyo siku. Teresiah amesema neno lake liko pale pale: hadithi ikichaguliwa, nitaacha matumbo nirudi mezani kwangu. Kwa hiyo nisishindwe tena. Kosa nimeliona. Nilitegemea kalamu, kitu, badala ya kuwaita watu waziwazi kwa jambo lenyewe. Safari hii hakuna zawadi, hakuna ujanja. Ni kura tu!

Jioni nikapita saiba na gamubuti zangu. Ayuma akafungua dirisha lililo karibu naye. Nikamwambia leo afungue na masikio, aandike neno kwa neno nisemavyo, asiongeze wala asipunguze. Nikasema: "Ndugu waandishi, yaliyopita yamepita. Jumamosi saa saba njooni tena kwangu. Ni siku ya kura. Kura kwanza, maneno baadaye. Asiyekuja kwa kura asinilaumu."

Ayuma akaacha kuandika. Akauliza kama nina hakika. Nikamuuliza ni nani mwandishi hapa. Akaandika, akatuma, kisha akaweka kichwa juu ya meza, mabega yakitikisika. Nadhani ameguswa.

Majibu yakaanza kuingia kabla sijalipa. Wote wanakuja! Hata wale ambao hawakufika mara ya kwanza. Bwana wa Nakuru anakuja na kaka zake. Kanyiva anauliza alete mikebe mingapi, na awalete watoto wote au awaache wadogo. Watoto hawana haki ya kuchagua hadithi, lakini sikutaka kumvunja moyo. Nimemjibu alete wote, kura haina mdogo wala mkubwa.

Nimerudi nyumbani nikiimba. Muturi alikuwa amekaa na dada yake wanakunywa chai. Akauliza furaha yote hii ni ya nini kwa mtu aliyeshinda kwenye matumbo. Nikamwambia, shemeji, tafuta mtu mwingine mapema, hii ndiyo wiki yangu ya mwisho Kiamaiko.