Malalamiko Kuhusu Bawabu wa Tovuti Anayewapeleka Wateja Wangu kwa Mkurugenzi

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Hospitali Kuu.

Ndugu Mkuu wa Kitengo (na baada ya saa kumi jioni, shemeji yangu mpendwa),

YAH: BAWABU WAKO

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na mitambo yako ikiwa mizima kuliko wewe, maana najua ndivyo unavyopenda. Sisi huku karakana hatujambo. Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu malalamiko yenyewe yanahusu mtandao, na mtu hamshtaki mwizi kwa kumpa yeye barua aipeleke polisi.

Kama unavyofahamu, mimi ni fundi wa viti vya magurudumu na magongo, huu mwaka wa kumi na tisa. Kama unavyofahamu pia, ingawa hujawahi kupita kunisalimia, karakana yetu ina ngazi tatu mlangoni. Karakana ya viti vya magurudumu, ngazi tatu. Kwa miaka mitatu tumeomba tujengewe njia ya mteremko, na kila mwaka tumejibiwa kwamba ombi limepokelewa. Nilipochoka kupokelewa nilijiandikisha kozi ya kompyuta ya miezi sita, nikaandika programu kwa mikono yangu hii hii inayonuka grisi. Mteja anaifungua kwenye simu akiwa kwake, anaeleza kilichoharibika na saa atakayofika. Akifika, sisi tunakuwa tumeshashuka na bisibisi tunamsubiri chini, asipande hata ngazi moja. Hiyo ndiyo kazi yake yote, na ndiyo sababu naipigania.

Programu inakaa kwenye kompyuta ndogo chini ya meza yangu ya kazi. Lakini hospitali ina anwani moja tu mtandaoni, na mlangoni mwa anwani hiyo umeweka ile seva ya mbele, ambayo huku kwetu tunaiita Bawabu. Bawabu anapokea kila anayebisha, anaangalia anataka idara gani, kisha anampeleka kwenye kompyuta inayohusika. Mimi niliomba anwani yangu mwenyewe. Ukanipa saraka ndogo: anwani ya hospitali, alama ya mkwaju (/), kisha neno "karakana". Yaani chumba cha uani. Sikununa, nikasema si haba.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Bawabu wako ana mkasi. Mteja akiomba "mkwaju karakana", Bawabu anakata neno "karakana" kabla ya kunikabidhi ombi. Programu yangu inapokea mgeni asiye na anwani, inaamini kwamba yenyewe ndiyo mwenye nyumba nzima, na inaanza kutoa maelekezo kama mwenye nyumba. Ikisema rangi na picha zichukuliwe sebuleni, simu ya mteja inakwenda sebuleni kwako badala ya kwangu, na haikuti kitu. Kwa hiyo ukurasa wangu, nilioupaka bluu kwa wiki mbili, unafunguka uchi: maandishi meusi matupu yamejipanga upande wa kushoto kama watu wanaosubiri chanjo. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, mwenye gongo, alikuja kunipa pole akidhani karakana imefiwa.

2. Bawabu hasemi nani amekuja. Wakibisha wateja mia, kwangu wote wanafika na anwani moja, ya Bawabu mwenyewe. Mimi niliifundisha programu imfungie mlango kwa saa nzima yeyote anayebisha zaidi ya mara ishirini, kwa kuwa kwenye kozi tulitishwa sana habari za wahalifu wa mtandaoni. Basi kila siku ikifika saa tatu asubuhi programu yangu inamkamata mhalifu mmoja sugu, inamfungia nje, na pamoja naye inawafungia wateja wote. Kuna mshonaji mmoja mwenye kiti cha magurudumu, mwanamke mstaarabu kuliko sisi wote. Ameshaambiwa na simu yake mara tano kwamba mwenendo wake unatia shaka. Sasa anataka kujua ni nani amemsema.

3. Muuguzi Mkuu amekosa likizo. Programu yangu na ile ya kuombea likizo zinaishi chini ya anwani moja, na zote mbili huwapa watu vitambulisho vyenye jina moja. Kitambulisho kipya kinafuta cha zamani. Kila Muuguzi Mkuu akiingia kwangu kuleta kiti cha wodi, anatupwa nje ya fomu ya likizo aliyokuwa ameijaza nusu. Ameijaza mara nne. Hanisalimii tena.

4. Hili ndilo linaloniuma. Mteja akimaliza kujaza fomu yangu na kubonyeza "Tuma", programu inamwambia arudi ukurasa wa kwanza. Ukurasa wangu wa kwanza unamweleza asubiri chini ya ngazi, tutamfuata. Lakini kwa sababu ya mkasi ule ule, anatua kwenye ukurasa wa kwanza wa hospitali. Na huko, shemeji, yuko nani? Yuko Mkurugenzi, picha yake kubwa, amefungua mikono, na chini yake maneno: "Karibu. Mlango wangu uko wazi. Ghorofa ya tatu, chumba namba moja."

Watu wanaamini, na kwa nini wasiamini? Mtu ameandika kwamba gurudumu lake la kushoto linagoma, amebonyeza, na papo hapo Mkurugenzi amemfungulia mikono. Kwenda ghorofa ya tatu kuna lifti, na lifti ni nzima, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu anamfikia Mkurugenzi kwa urahisi kuliko anavyonifikia mimi. Jumatatu walipanda wanne. Jumanne tisa. Katibu muhtasi wake ameanza kugawa namba. Jumatano Mkurugenzi mwenyewe alionekana amepiga magoti kwenye zulia, na suti yake na tai yake, anakaza breki ya kiti cha yule mshonaji kwa kisu cha kufungulia bahasha. Aliikaza kinyume. Ikabidi nipande na bisibisi, nikamkuta anatoka jasho, akaniuliza kwa heshima kabisa kama spoku za gurudumu huwa zinahesabiwa. Na wakati wote huo wasaidizi wangu wamekaa chini ya ngazi na vifaa vyao, wanasubiri watu walioko ghorofa ya tatu.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu Bawabu anyang'anywe mkasi. Kama ameuzoea hawezi kuuacha, basi karakana ihamishiwe kwenye anwani kuu, na Mkurugenzi apewe saraka ndogo, mkwaju mkurugenzi, naye aonje uani kulivyo.

Nimeendelea kulitafakari jambo hili wakati wa kupaka grisi, na naona nilikuwa naomba kidogo mno. Kila anayefika hospitali hii anafika kwa miguu, kwa gongo au kwa magurudumu. Magongo na magurudumu ni yangu moja kwa moja. Miguu si yangu, lakini ikiharibika huwa yangu. Kwa hiyo ukiitazama hospitali bila upendeleo, utaona ni karakana iliyoongezewa vitanda. Haki ni kwamba wodi, maabara, duka la dawa na jikoni vyote viwe vyumba vidogo chini ya karakana, kwenye mtandao na kwenye kibao cha getini pia. Kuhusu kibao sina haraka, hata mwezi ujao. Bawabu asifukuzwe, maana ni mtumishi wa siku nyingi. Ahamishiwe kwenye ngazi zangu tatu awe anabeba watu.

Haya yasipotekelezwa ndani ya siku kumi na nne, itanibidi niyafikishe kwenye mamlaka ya juu zaidi yako, yaani mama mkwe. Nawe unajua mama yako hasomi barua mara mbili.

Nisalimie mama watoto, mapacha wote wawili, na yule fundi wako wa nyaya aliyeazima koleo langu tangu mwaka jana. Kaka yako, mume wangu, anakusalimu sana, na amesisitiza niandike kwamba yeye hayumo katika jambo hili.

Ni mimi, mwenye bisibisi mkononi na heshima zako moyoni,

Fundi Mkuu,
Karakana ya Viti vya Magurudumu na Magongo.

Nakala: Mkurugenzi, Muuguzi Mkuu, Mama mkwe.

NYONGEZA: Barua hii niliiandika juzi, ikalala mezani kwa kukosa bahasha. Jana asubuhi nikafungua faili la mipangilio ya programu ili nikunakilie ushahidi. Nikakuta mstari nilioandika mwenyewe wakati wa kozi: "Kama programu inakaa kwenye saraka ndogo, jaza jina lake hapa." Mbele yake, patupu. Nikajaza "karakana". Ukurasa ukavaa bluu yake, na aliyebonyeza "Tuma" akabaki kwangu. Chini yake kuna mistari mingine miwili, mitupu vilevile: jina la kitambulisho, na ruhusa ya kumsoma Bawabu. Nayo nikaijaza. Kumbe siku zote Bawabu amekuwa akiandika vizuri kwenye kila ombi ni nani amekuja na ametokea wapi, mimi ndiye nilikuwa simsomi. Nyani haoni kundule. Nakuomba radhi, shemeji, na nakala za watu hao watatu sijazituma.

Lakini usifurahi bado. Leo saa nne Mkurugenzi ameshuka mwenyewe. Tangu jana hakuna aliyepanda kwake, akaingiwa na wasiwasi kwamba watu wake wamepatwa na jambo. Akamkuta yule mshonaji chini ya ngazi, akaona aibu kumwacha pale, akashika vishikio vya kiti ampandishe. Aliishia ngazi ya kwanza. Akazihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, halafu akaniuliza kwa nini hatujawahi kumwambia. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja, na nilijua nikifungua mdomo vyote viwili vitatoka. Saa sita waashi walifika na mchanga. Ninavyoandika hivi wanachanganya saruji, na mshonaji amekataa kwenda nyumbani, amekaa anawasimamia.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yachane, na Bawabu abaki na mkasi wake. Ule mstari wa saraka nimeufuta tena kwa mkono wangu, na kuanzia kesho wateja watapanda ghorofa ya tatu kama kawaida. Ukiuona mtupu, tafadhali usinisaidie. Mwashi anasema mteremko utakuwa tayari kwa siku saba. Ule mstari nitaujaza baada ya wiki tatu, kwa sababu mlango wa choo chetu haupitishi kiti chochote tulichowahi kutengeneza, na Mkurugenzi, ambaye hushuka akikosa watu, bado hajauona.