Asife Kabla ya Jumatatu

Jumatatu, 7 Februari

Seini, mjukuu wangu, kanipa daftari. Anasema niandike humu, niache kuigombeza redio. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa mchungaji.

Redio inasema tusitoke. Korona imeingia Tonga, na majivu ya volkeno bado tunayafagia juu ya bati. Watu wakae mbalimbali, mita mbili. Wananifundisha mimi! Mimi na mdogo wangu Siosaia hatujakaa chumba kimoja tangu nivunje ungo. Ndiyo heshima yetu. Dada haingii alalapo kaka, na kaka hamkatalii dada neno. Siku moja tu dada humkaribia: siku kaka akiwa maiti. Anakaa kichwani pake. Yeye ndiye fahu, mkubwa wa msiba, na kila mkeka wa heshima hupita mbele yake kwanza.

Jioni Vika, mke wa Siosaia, kapiga simu. Siosaia ana homa na kikohozi. Kisukari kilishamla vidole viwili vya mguu.

Akifa, kichwani nakaa mimi. Lakini yuko kijiji cha pili na polisi wameziba njia. Na jirani yake ni nani? Kalolaine, binti wa baba mkubwa, naye kwa ukoo ni dada yake pia, anayejidai mkubwa wangu tangu tukiwa uchi.

Jumanne, 8 Februari

Mpango: wanaokwenda kuzika huruhusiwa kupita. Basi nikajifunga kiunoni mkeka wa msiba, ule mkubwa uliochanika, nikaenda kizuizini nikilia. Nililia vizuri. Hata mbwa walininyamazia.

Polisi, kijana wa ukoo wa Fifita, akauliza nani kafa. Nikasema ndugu yangu. Akautazama mkeka. Akasema, kwa adabu, kwamba mkeka ule ni wa watu wa jikoni, wapishi wa msiba. Dada wa marehemu huvaa mdogo, mzuri. Mjinga mimi! Niliuchagua kwa kuwa unatia huruma, si kwa cheo changu.

Akasema atapiga simu nyumbani kwa marehemu kuwapa pole. Akapokea Siosaia mwenyewe. Kikohozi chake nilikisikia nikiwa mita mbili. Akamwambia polisi, kama dada amesema nimekufa, basi ngoja kidogo, nitakufa.

Nilirudi kwa miguu. Mkeka ule mzito.

Jumatano, 9 Februari

Kalolaine kapiga simu mapema, ili kicheko kisipoe.

"Mwenzangu, nasikia umeanza msiba bila maiti."

Nikamwambia afunge kinywa, korona inaingilia humo. Hakukasirika. Kasema mkeka wake mdogo ameshauanika juani, endapo nitachelewa. Kisha akatoa ya kwake kubwa: muuguzi amemwona Siosaia, anataka apelekwe hospitali kesho. Na eti anayefia huko hufungwa kwenye sanduku, huzikwa na watu waliovaa nguo nyeupe kama samaki waliopakwa unga. Hakuna dada. Hakuna kichwa.

Nikampigia Vika papo hapo. Mwambie Siosaia, dada amesema abaki nyumbani, natafuta kibali cha kupita kizuizini.

Seini alikuwa akimenya viazi vikuu. Akakiweka kisu chini. Kasema hizo habari za sanduku ni uzushi, na huko kuna oksijeni, kuna madaktari.

"Bibi, ukimwambia abaki, atabaki."

"Ndiyo maana namwambia."

Hakula chakula changu leo. Akili za shule.

Alhamisi, 10 Februari

Gari la hospitali lilikwenda. Siosaia kalirudisha. Vika analia kwenye simu, eti alimsihi mpaka akapiga magoti, na jibu ni lile lile: dada amesema.

Nimemlea vizuri yule. Bila hata kumkaribia.

Kibali. Nimempelekea afisa wa kijiji majani ya jimbi yaliyookwa na nyama ya kopo. Kala yote na kulamba vidole. Kasema kibali kitakuwa tayari Jumatatu. Nikamwomba Ijumaa. Kasema Jumatatu. Na kopo lile lilikuwa la mwisho!

Nimetuma neno kwa Vika: mwambie asife kabla ya Jumatatu.

Ijumaa, 11 Februari

Vika hakupokea simu. Nimepiga mara tisa. Nimeupiga pasi mkeka wangu mdogo kwa kuulalia.

Jumamosi, 12 Februari

Amekufa alfajiri.

Vika kanieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Jana alikuwa akivuta pumzi kama anayepanda ngazi. Mwanawe akashika simu aite gari. Siosaia kwanza hakuweza kusema, akainua kidole, akatikisa kichwa. Kisha akasema neno moja: Jumatatu.

Wamemzika leo leo, maana kesho ni Jumapili na hapa kaburi halichimbwi Jumapili. Watu kumi tu. Kichwani alikaa Kalolaine.

Alinipigia kutoka pale pale. Nilitegemea kejeli.

"Dada, nimeiweka simu karibu na sikio lake. Sema naye."

Nimezoea kumwambia kupitia kwa Vika. Nikasema, Siosaia, nilikuambia Jumatatu.

Anajigamba tu, Kalolaine. Alitaka nijue nani ameshika simu.

Jumapili, 13 Februari

Ibada ya redioni. Sikuimba. Seini pia hakuimba.

Jumatatu, 14 Februari

Kibali kimekuja, muhuri na kila kitu. Fifita kaniinulia kizuizi na kuvua kofia. Mkeka leo ulikuwa sahihi.

Nimeingia chumbani kwa Siosaia. Nikakaa penye mto. Una shimo la kichwa bado. Nilikaa muda mrefu, mgongo wima, kama inavyotakiwa. Hapakuwa na wa kupitisha mikeka.

Vika alisimama mlangoni, barakoa mpaka machoni. Kasema muuguzi alikuwa na hakika: kwa oksijeni ya Alhamisi angepona. Nikamwambia wauguzi wana maneno mengi. Hakunipa chai.

Jumatano, 16 Februari

Simu kutoka ng'ambo ya wangwa, lile tope la pwani. Kitinda mimba wetu, Sateki, ana homa na kikohozi. Gari linamfuata kesho.

Seini kaificha simu yangu. Nimeazima ya jirani.

Safari hii kibali nimekiomba mapema, leo leo. Kosa lilikuwa hapo tu, kuchelewa kuomba. Mkeka uko tayari. Kalolaine yuko mbali na kule. Nikatuma neno kupitia kwa mkewe: dada amesema abaki nyumbani.

Jibu limerudi kabla sijamaliza kuvaa viatu.

"Sawa, dada."